Shangazi, kengele au kitabu cha ndoa: uanzie wapi kuwatafuta wazee wa misheni?

Nilichukua likizo ya siku sita, nikakata tiketi ya treni, nikateremka Pwani kumtafuta babu wa baba yangu. Siku mbili za kwanza nilizitupa. Niliipiga picha kengele ya Freretown, ule mji wa misheni ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kutoka kila upande, nikanywa madafu, nikarudi kulala nikijiona nimeanza kazi. Siku ya tatu nikaenda Changamwe kwa shangazi, nikamwonyesha zile picha. Akazitazama moja baada ya nyingine, akanirudishia simu yangu.

“Nani alikwambia sisi ni watu wa Freretown?”

Haya ni ya yeyote ambaye wazee wake waliianzisha ile miji ya misheni ya karne ya 19: watu walionusurika biashara ya utumwa, wakafungua mashamba na kujenga makanisa mahali ambapo hawakuwa na ukoo wala kaburi hata moja la kwao. Kuwatafuta kuna njia tatu. Unaweza kwenda kwa jamaa, ukaenda mahali penyewe, au ukaenda kwenye vitabu na nyaraka. Mwenye muda na pesa atazipita zote. Sisi wengine tuna wiki moja na nauli ya kuhesabu, na ukianza vibaya kama mimi, wiki hiyo inaisha kabla hujamjua hata mtu mmoja.

Walipita mlango gani?

Tukisema “wazee wa misheni” tunawachanganya watu wasiofanana. Upande wa Mombasa peke yake kulikuwa na milango mitatu.

Wa kwanza ni wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Hawa walikamatwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini, wakapelekwa India na kulelewa Sharanpur karibu na Nasik, kisha wakarudi wakiwa na ufundi na elimu. William Jones, Ishmael Semler na George David walifika Rabai, misheni ya jirani na Mombasa, mwaka 1864, yaani miaka kumi kabla ya Freretown kuwapo. Jones ndiye aliyesafiri na Askofu Hannington mwaka 1885 na kuuongoza msafara kurudi pwani baada ya askofu kuuawa Busoga.

Wa pili ni mateka waliotolewa majahazini na manowari za Waingereza. Mkataba wa Juni 1873 kati ya Uingereza na Sultani Barghash ulifunga soko la watumwa la Zanzibar, lakini majahazi hayakuacha kupita, na manowari zilipoyakamata watu wale walihitaji mahali pa kuishi. Shirika la wamisionari wa Kianglikana, CMS, likanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kufikia 1875 mji ukasimama, ukapewa jina la Sir Bartle Frere aliyetumwa kujadiliana na Sultani.

Wa tatu ni watoro, waliowakimbia mabwana wao kwenye mashamba ya Pwani wakajisitiri misheni, hasa Rabai. Mabwana walitaka warudishiwe watu wao na mara kadhaa ilibaki kidogo damu imwagike. Mwishowe George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aliwalipa wenye mashamba fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni za jirani wakapewa karatasi za uhuru.

Kwetu nilikua nikisikia kwamba “waliletwa na manowari”. Hadithi nzuri, ina bahari na mizinga. Ndiyo maana nilikimbilia Freretown.

Kwa wenye asili ya upande wa Tanzania, dhehebu la babu ndilo ramani. Wakatoliki waulizie Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kujenga kijiji cha waliokombolewa. Waanglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, waulizie Zanzibar, yaani Mkunazini na Mbweni, kisha Masasi, ambako Askofu Steere aliwapeleka wakombolewa mwaka 1876 ili wawe karibu na nchi walikotekwa. Na kama wazee wako wa Mombasa walikuwa Wamethodisti, usihangaike na Freretown wala Rabai. Nenda Ribe, alikofanya kazi Thomas Wakefield tangu miaka ya 1860, au Jomvu.

Kwa jamaa

Njia hii ni rahisi kwa mfuko na ngumu kwa moyo. Nauli ya matatu, kilo mbili za sukari, majani ya chai na leso jozi moja, basi. Kinachogharimu ni subira. Usiende na daftari mkononi siku ya kwanza. Ardhi ya misheni imekuwa na kesi na minong'ono tangu enzi za wakoloni, na kijana atokaye Nairobi akianza kuuliza nani alizaliwa na nani, watu huanza kuhesabu ekari. Binamu yangu mmoja, mtu mzima kabisa, aliniita pembeni kuniuliza kama nimetumwa na wakili. Nilipomwambia natafuta majina tu, alicheka. Hakuamini.

Jambo la pili ni aibu. Yako majumba ambamo neno “mtumwa” halitamkwi mbele ya watoto, na ukilitamka wewe, mazungumzo yamekwisha. Utaletewa chai, utaulizwa habari za kazi, na utaaga. Mimi nilijifunza kuzunguka. Badala ya kuuliza tulitoka wapi, niliuliza fulani amerithi jina la nani. Hilo ni swali la baraka, kila mtu hulijibu kwa furaha, na kwa desturi yetu ya kuwapa wajukuu majina ya babu na bibi zao, jina moja hukurudisha nyuma vizazi viwili bila mtu kuona amehojiwa.

Nikilinganisha nilichopata kwa wanaume na kwa wanawake wa ukoo wetu, tofauti ilikuwa kubwa. Wajomba na baba wadogo walinipa safari: manowari, bandari, mzungu fulani mwenye ndevu. Ni masimulizi matamu yasiyo na jina hata moja ndani yake. Shangazi na bibi walinipa nani aliolewa na nani, nani alizikwa upande gani wa kanisa, mtoto gani alifariki kwa surua, nani aligombana na mke mwenza wa nani. Kwa kazi ya ukoo, chukua ugomvi uache mizinga.

Uliza pia kama kuna Biblia ya zamani ndani ya nyumba. Kwetu ilikuwapo ya Kimvita, ile ya kabla ya tafsiri ya muungano ya mwaka 1952, imefungwa kitambaa na kuwekwa juu ya kabati. Kurasa za mwisho, zile tupu, zilikuwa na majina tisa kwa wino uliofifia, mengine na tarehe, mengine bila. Mchwa walikuwa wamekula pembe moja pamoja na jina la kumi.

Udhaifu wa jamaa ni miaka. Mzee hatakwambia 1913. Atasema “kabla ya Kariakoo”, yaani kabla ya wanaume kuchukuliwa kubeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918, na hapo angalau una ukuta wa kuegemea. Udhaifu mwingine ni kwamba hadithi hujipamba. Kuletwa na manowari kulikuwa na heshima yake, kwa maana hakuna bwana aliyeweza kukudai. Mtoro alidaiwa mpaka siku ile ya karatasi. Usishangae ukoo wa watoro ukajihamishia manowarini taratibu, kizazi baada ya kizazi.

Mahali penyewe: Freretown au Rabai?

Freretown inafikika kirahisi mno. Panda matatu mjini, vuka daraja la Nyali, shuka Kengeleni. Stendi yenyewe imepewa jina kutokana na ile kengele iliyopigwa kuwatahadharisha watu wakati wa hatari. Iko kando ya barabara, bodaboda zimejipanga chini yake, na wengi wanaopita hawaitazami. Kanisa la Emmanuel liko karibu. Kwa saa mbili umemaliza. Ukiwa na nusu siku ya ziada, fika Mkomani, upande huohuo wa Nyali, alikozikwa Rosine, mke wa mmisionari Ludwig Krapf, aliyefariki Julai 1844 pamoja na mtoto wake mchanga, miezi michache baada ya kuwasili.

Tatizo ni kwamba mji umeifunika Freretown. Mashamba yamekuwa magorofa na maduka ya simu, na ukimsimamisha mtu kumuuliza habari za wazee wa mahali hapo, kuna uwezekano mkubwa amehamia mwaka jana. Ni mahali pazuri pa kusimama na kuhisi kitu, ila kwa kuuliza hapana faida kubwa. Isipokuwa Jumapili. Baada ya ibada, wale akina mama wa viti vya mbele ndio nyaraka za Freretown, na mimi nilikwenda Jumatatu.

Rabai inataka mguu kidogo. Unafuata barabara kuu ya Nairobi mpaka Mazeras, unaiacha, unapanda gari la kwenda Kaloleni au boda, na minazi inaanza. Anayetoka Nairobi kwa treni hana haja ya kufika mjini kwanza, maana kituo cha Miritini kiko upande huohuo wa kwenda Mazeras. Krapf na Johannes Rebmann walianza misheni hapo mwaka 1846. Rebmann akakaa miaka 29 bila kurudi kwao, mpaka akaondoka mwaka 1875 akiwa kipofu. Nyumba yake ipo. Kanisa la zamani sasa ni makumbusho yenye jina la Krapf, chini ya Makumbusho ya Taifa, na mtunzaji anayekutembeza mara nyingi ni mtu wa palepale. Hapo ndipo Rabai inaishinda Freretown kwa mbali. Unamuuliza habari ya picha ukutani, anakujibu kwa habari ya jirani yake.

Kasoro ya Rabai ni kwamba makumbusho yanasimulia zaidi habari za wamisionari. Utatoka ukizijua tarehe za Rebmann kuliko za babu yako. Waliobeba mawe na kuchoma chokaa wako nje, kwenye makaburi, na mengi hayana maandishi. Kaburi lisilo na jina halina msaada kama uko peke yako.

Ndiyo sababu nilimwomba shangazi twende wote. Alikataa mara mbili kwa sababu ya magoti, mara ya tatu akavaa viatu. Kule nyumbani Changamwe alikuwa amenipa majina matano kwa siku mbili. Rabai, kutoka getini mpaka kwenye mwembe ulio nyuma ya kanisa, alinipa kumi na moja. Hakuwa anakumbuka kwa kufikiri. Alikuwa anakumbuka kwa miguu. “Hapa palikuwa na nyumba ya makuti. Hapa tulikatazwa kucheza.” Alipofika kwenye tuta moja lililozungukwa na chupa zilizopinduliwa, akasimama, akainama kung'oa majani bila kusema lolote, na mimi nikamsaidia kung'oa. Baadaye ndipo akasema: “Manowari ni maneno ya baba zako. Sisi ni wa karatasi.”

Na ng'ambo ya mpaka?

Bagamoyo ndiyo ningempendekezea mtu anayeanza bila jamaa hata mmoja wa kumshika mkono. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 70, unakwenda na kurudi siku moja, na ndani ya eneo moja la misheni una makumbusho, makaburi, mnara wa kanisa la kwanza na kanisa kubwa lililojengwa kabla ya vita vya kwanza. Mwili wa David Livingstone ulipitishwa hapo Februari 1874, ukiwa umebebwa kutoka bara na watu wakiongozwa na Chuma na Susi. Pamoja nao alikuwa Jacob Wainwright, mmoja wa wale wa Nasik. Ni mahali palipotunzwa na panaeleweka. Ila kumbuka kwamba kijiji kile kilikuwa kisima tu. Wenzi waliofunga ndoa Bagamoyo walipelekwa kuanzisha vijiji vya Kikristo bara, Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera na Morogoro. Kama ukoo wako unajitambua kuwa wa Mhonda, Bagamoyo itakupa mwanzo wa safari, na majina utayapata Mhonda.

Zanzibar ni hadithi nyingine. Kanisa kuu la Mkunazini, lililowekewa jiwe la msingi Krismasi ya 1873 pale lilipokuwa soko la watumwa, hujaa watalii na waongozaji wenye sauti. Vyumba vya chini wanavyokuonyesha vina ubishi wa wanahistoria, na hata bila ubishi huo, mtu anayetafuta ukoo hapati jina humo. Nenda mara moja kwa heshima, kisha panda daladala uende Mbweni. Shamba lile lilinunuliwa na UMCA mwaka 1871, likawa kijiji cha wakombolewa, na lina magofu ya shule ya wasichana na kanisa la Mtakatifu Yohana. Ni kimya. Waweza kukaa nusu saa usipitwe na mtu.

Masasi ni mbali, nami sijafika, kwa hiyo nitasema machache. Kijiji cha 1876 kilivamiwa na Wamagwangwara, yaani Wangoni, mwaka 1882 na misheni ikachomwa wakati wa Majimaji mwaka 1905. Aliyekwenda huko akitarajia majengo ya Steere atavunjika moyo. Mwenye bibi wa Masasi aliye hai, huyo aende kwa bibi.

Vitabuni

Kitabu cha ubatizo au cha ndoa hakidanganyi kama jamaa wanavyodanganya. Kina makosa ya aina nyingine. Kwanza kukifikia. Vitabu vya zamani vingine viko parokiani, vingine vimehamishiwa makao ya dayosisi, na kila mwenye ufunguo ana utaratibu wake. Ofisi niliyokwenda iliniambia njoo kesho, kesho ikaniambia lete barua ya padre wako, na nilipoleta barua mwenye ufunguo alikuwa amesafiri. Kwa hiyo andika barua mwezi mmoja kabla, taja jina la kanisa unaloshiriki, na usiseme unafanya “utafiti”. Sema unatafuta wazee wako. Milango hufunguka tofauti.

Pili, majina. Mzee mmoja anaweza kuwa na matatu: jina alilopewa na mama yake, jina alilopewa utumwani kama Mabruki, Feruzi, Songoro au Baraka, na jina la ubatizo. Karani mzungu aliyaandika kwa sikio la Kiingereza, kwa hiyo soma kwa sauti; macho yatakupotosha pale sikio litakapotambua. Na usitegemee jina la ubatizo peke yake. Ukifungua ukurasa ukakuta Yohana wanne, utamjuaje wako? Kwa mkewe. Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya ugomvi wote aliokuwa akinisimulia shangazi. Jina la mke ndilo lililomtenganisha Yohana mmoja na wenzake. Tazama pia wadhamini na mashahidi, kwa maana mara nyingi waliosimamiana ni watu waliofika pamoja.

Tatu, kabila. Kitabu kikisema Mnyasa, Myao au Mmakua, usikimbilie Malawi kesho yake. Aliyeulizwa huenda alitekwa akiwa na miaka sita. Alitaja lugha aliyoisikia njiani, au ziwa alilovushwa, au jina ambalo wenzake walimwita. Neno lile linakuonyesha upande wa dunia. Kijiji halikuonyeshi.

Nyaraka kubwa ziko mbali zaidi. Nairobi kuna Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, Zanzibar kuna hifadhi ya Kilimani. Barua na ripoti za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, za UMCA ziko Oxford, na za mapadre wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue nchini Ufaransa. Inauma kidogo kuona kwamba Mswahili anayeosha vyombo Birmingham yuko karibu na barua za Rabai kuliko mtu anayeishi Mazeras. Lakini kama wewe ndiye huyo wa Birmingham, nyaraka ndizo njia yako ya kwanza, na umwachie binamu yako wa Pwani kazi ya kukaa na bibi.

Vipimo vya mate vya vinasaba nimevijaribu. Vikanijibu kuwa mimi ni wa Afrika Mashariki na Kusini-Mashariki. Ahsante.

Sasa uchague

Kama una mzee aliyepita miaka 80, hakuna mjadala: anza naye, hata kama ni kwa simu, hata kama kanisa liko mtaa wa pili na kitabu kiko wazi mezani. Kitabu cha 1891 kitakuwapo Machi ijayo. Mchwa ni wavivu kuliko malaria.

Kama wazee wote wameshatangulia na umebaki na jina moja la ubatizo, usipoteze nauli kwenye kengele. Nenda vitabuni, ila ubebe kila jina la mwanamke unaloweza kulikusanya kwa simu kabla ya kuondoka, hata la utani.

Kama hujui chochote, hata mlango waliopitia, hapo mahali ndipo pa kuanzia, nami ningechagua Rabai kabla ya Freretown na Bagamoyo kabla ya Mkunazini, kwa sababu moja tu, kwamba utamkuta mtu wa kumuuliza. Freretown iwe ya Jumapili.

Na kama una siku mbili pekee pamoja na jamaa mwenye uwezo wa kutembea, usichague kati ya mtu na mahali. Lipa boda mbili au tuk-tuk moja, beba maji na kiti cha plastiki, mpeleke mzee mahali. Simu irekodi ikiwa mfukoni mwa shati, kwa ruhusa yake. Usimuulize kitu mpaka asimame mwenyewe.

Mimi siku yangu ya sita niliitumia tena ofisini. Mwenye ufunguo alikuwa amerudi. Kitabu cha ndoa kilikuwa kimefungwa kwa utepe, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai, na karani alikuwa akifunua kwa ncha ya rula ili asiziguse. Mwaka 1891, mstari wa nne kutoka chini, bibi arusi alikuwa na jina ambalo sikulitegemea kuliona mahali pengine isipokuwa kwenye kitambulisho cha shangazi. Bwana arusi alikuwa Yohana. Aliyeshuhudia alitia alama ya msalaba. Sikuruhusiwa kupiga picha, nikanakili kwa mkono, nikatoka nje kwenye kivuli nikampigia simu.

Nikamsomea mstari wote. Akakaa kimya, nikasikia redio yake kwa nyuma.

“Na huyo bwana, wameandika ametoka wapi?”

“Wameandika Myao, shangazi.”

“Babu alikuwa Mnyasa. Waambie wamekosea,” akasema, akaniuliza kama nimekula.